Mrejesho: kadi za Krismasi nilizochora kwa mkono

Ndugu zangu, mwezi wa kumi niliwauliza nifanyeje, maana kila nikishika penseli mkono unakuwa mzito na karatasi naichana kabla sijamaliza. Mkaniambia nichore kadi za Krismasi, ndogo, nyingi, na kila moja iwe na mtu wa kumpa.

Nimechora 24. Karatasi ya manila ya A4 niliikata katikati, kila nusu nikaikunja ikawa kadi ya A6. Udogo wake ulinisaidia sana: ikiharibika, ni nusu karatasi tu. Raba nilimpa mwanangu aifiche, kama dada mmoja alivyoshauri.

Nilianza kwa kunakili misonobari yenye theluji. Zote zikatoka hazina uhai. Kadi ya tano nikatoka nje, nikachora mkrismasi wa jirani, ule unaowaka maua mekundu kila Desemba hapa Moshi. Maua niliyagusa kwa ncha ya brashi na rangi ya maji, bila kuchora mstari kwanza. Hapo ndipo mkono ulipolegea! Kadi kumi zilizofuata ni mti huohuo, na hakuna mbili zinazofanana.

Watu bado wananishinda, hasa mikono ya Bikira Maria akimbeba mtoto. Nimewachora kwa mbali, vivuli vidogo chini ya nyota.

Shangazi yangu wa Rombo ameibandika yake ukutani, juu ya redio. Alipiga simu kuuliza nani kachora. Nikamwambia, ni mimi, shangazi.

Uliyenipa wazo hili, asante sana. Kadi yako nimeiweka kando, nitumie sanduku la posta.