Hivi kabla ya hizi sindano wagonjwa wa akili walikuwa wanatibiwaje?

mpwa_wa_kati
Wakuu habari za jumapili. Nina mjomba wangu alianza kuumwa akili akiwa chuo, akawa anajibizana na redio iliyozimwa, usiku anatoka anatembea mpaka anaokotwa wilaya nyingine huko, tukazunguka naye kwa waganga mpaka ng'ombe wakaisha zizini. Sa hivi mwaka wa tatu anachomwa sindano moja tu kwa mwezi na ana genge lake la nyanya, chenji anakupigia hesabu kabla hujatoa hela mfukoni. Sasa juzi bibi akatuhadithia kwamba na yeye alikuwa na kaka yake mwenye tatizo hilohilo, huyo alitiwa mguu kwenye gogo lenye tundu, bibi analiita mkatale, akawekwa nyuma ya nyumba anakula hapohapo analala hapohapo mpaka akafariki. Anavyosimulia ni kama anakutajia bei ya chumvi, mimi usingizi sikupata. Swali langu, ni sisi tu tulikuwa hivyo au ni dunia nzima? Na ilibadilika lini? Wenye nondo shusheni.

kiroboto mstaarabu
Dunia nzima mkuu, usimuonee bibi. London kuna hospitali inaitwa Bethlem, ilianza 1247, mpaka karne ya 18 watu walikuwa wanaenda pale kutembea tu, kuangalia vichaa kwenye minyororo kama wewe unavyopeleka watoto kuona nyani. Na sio kwamba watu wote wa zamani walikuwa hivyo, maana Cairo Sultani Qalawun alishajenga hospitali 1284 yenye sehemu ya wagonjwa wa akili, na Edirne kule Uturuki, hospitali iliyojengwa 1488, wagonjwa walikuwa wanapigiwa muziki wakae watulie.

Minyororo Paris ilikuja kutolewa miaka ya 1790, sifa zote anapewa daktari Pinel ila aliyeanza kuifungua pale hospitali ya Bicêtre, 1797, ni msimamizi wa wodi anaitwa Pussin, ambaye udaktari hakusomea, na yeye mwenyewe aliwahi kulazwa hapohapo kama mgonjwa. Na hapo vidonge vya kichaa hakuna hata kimoja duniani, alichofanya ni kukataza watumishi wasipige wagonjwa na kuajiri waliopona wawe watumishi. Hiyo ndo naona watu wengi hawaijui, tunadhani dawa ndo ilifungua minyororo.

Ila karne ya 20 mwanzoni ndo vituko. Vienna 1917 daktari Wagner-Jauregg alichukua damu ya askari mwenye malaria akawachoma wagonjwa wenye kaswende iliyopanda kwenye ubongo, homa ikachemka mara kadhaa halafu anawapa kwinini. Alipewa Nobel 1927.

Dogo Janja Tupu
Subiri subiri. MALARIA?? Yaani mtu anakupa malaria makusudi halafu anapewa Nobel? Mimi nimeugua kila mwaka toka nazaliwa, mbona sina akili za ziada 😂

kiroboto mstaarabu
Ilisaidia wale wa kaswende tu dogo, joto la homa lilikuwa linapunguza vijidudu, na kuna waliokufa kwa hiyo tiba. Penisilini ilipokuja miaka ya 1940 watu wakaachana nayo. Afadhali hata hiyo, kuna Mreno anaitwa Moniz alianza kukata nyuzi za ubongo wa mbele 1935, naye Nobel, 1949.

mama_zamu
Wanangu mimi ni nesi mstaafu, wodi ya akili nimekaa sana. Hii sindano ya mjomba ina historia ya ajabu maana dawa yenyewe ya kwanza haikutafutwa kwa ajili ya akili. Kulikuwa na daktari wa upasuaji wa jeshi la majini Ufaransa, Laborit, anatafuta kitu cha kumtuliza mtu kabla ya kisu, akaona hawa wanaopewa hii dawa wanatulia tu hawajali, ndo 1952 madaktari Delay na Deniker wakaijaribu Paris kwa wagonjwa wa akili. Hiyo ndo Largactil wanangu, ile iliyokuwa inajaa kwenye makopo yetu ya dawa. Sindano za kukaa mwilini wiki kadhaa zilikuja baadae.

Huku kwetu Wajerumani walikuwa na Lutindi, kule milima ya Usambara, ilianza kama kituo cha watoto waliokombolewa utumwani ndo ikageuka ya wagonjwa wa akili mwanzoni mwa miaka ya 1900, na mpaka leo ipo. Hospitali ya Mirembe ya Dodoma ni ya Mwingereza, 1927, ile mnayotukaniana nayo "nenda Milembe". Tulikuwa tunapokea mtu kaletwa na kamba ya katani imeingia kwenye nyama ya mkono, unaanza na kidonda kabla ya kichwa. Na msidhani ni habari za zamani.

Njoro wa Nai
Kwetu Kenya kuna hospitali ya akili Mathari, Nairobi, ilifunguliwa 1910. Kutoka 1938 ilikuwa chini ya daktari mzungu mmoja, Carothers, na huyo jamaa 1953 aliandikia WHO, shirika la afya duniani, ripoti akisema Mwafrika wa kawaida anafanana na mzungu aliyekatwa ubongo wa mbele, si mnaona ile operesheni ya Moniz hapo juu, basi ndio hiyo. Mwaka uliofuata serikali ya mkoloni ikamtumia aandike kuhusu Mau Mau kama ugonjwa wa akili. Mtu anadai shamba lake anaambiwa ni kichwa.

Na 1954 hiyohiyo Nigeria, hospitali ya Aro huko Abeokuta, daktari Lambo alikuwa anaweka wagonjwa kwa nyumba za wanakijiji na ndugu zao, mchana wanatibiwa jioni wanarudi kijijini, na waganga wa kienyeji akawaita wafanye kazi pamoja.

Mzee wa Kombe
Hapo kwa waganga mmesema kweli. Majini yapo na sindano haitoi jini.

mama_zamu
Baba yangu mnywesheni kombe, msomeeni, sijawahi kumkataza mtu dua. Ninachokataa ni kumfunga kwenye mti miezi sita mkisubiri jini litoke na dawa mmeificha.

mpwa_wa_kati
Aisee asanteni, nitamsomea bibi hii ya Pussin. Mama_zamu, kuna kitu, mjomba akishachomwa siku ya pili shingo inakaza na mikono inatetemeka, anasema anataka kuacha.

mama_zamu
Asiache mwanangu, hayo ni madhara ya dawa yenyewe. Mrudishe kliniki uwaeleze hivyohivyo ulivyoandika, wanaweza kumpa artane, kidonge cha kupunguza huko kukaza na kutetemeka, au wakapunguza dozi. Usimnunulie mwenyewe dukani.

mpwa_wa_kati
Kliniki yao ni alhamisi. Nitafunga genge nimpeleke.