Jiwe la mistari ya kijani na zambarau: ni amethisti au kioo?

MtafutaMawe: Wakuu, naomba msaada. Jiwe hili ni la ukubwa wa yai, limetoka kwenye changarawe za mto. Lina mistari ya kijani na zambarau, linapitisha mwanga, na palipovunjika panang'aa kama kioo. Mmoja anasema ni amethisti, kito cha zambarau, mwingine anasema ni chupa iliyoyeyuka. Nianzie wapi?

Mwamba7: Rangi iache mwisho mkuu, hudanganya mno. Anza na ugumu. Kandamiza ncha ya kisu cha chuma kwenye kona isiyoonekana, vuta kidogo. Amethisti ni aina ya madini ya kwatzi, ugumu 7 kwenye kipimo cha Mohs (1 ni laini kabisa, 10 ni gumu kabisa), kisu hakiiwezi. Fluoraiti, madini mengine yenye rangi kama hizo, ni 4, inakwaruzika kirahisi. Kioo kiko karibu na 5.5, hapo kisu huteleza au huacha alama hafifu.

Wengi hukosea hapa: jiwe likiwa gumu kuliko kisu, kisu ndicho kinacholika na kuacha mstari wa kijivu, mtu akadhani jiwe limekwaruzika. Lowesha kidole usugue. Mstari ukifutika, ni chuma tu. Ukibaki mfereji unaonasa ukucha, jiwe limekwaruzika kweli. Na usipime kwenye ganda lililochakaa, huwa laini kuliko ndani.

Bi_Kokoto: Ongeza kipimo cha uzito kwa ujazo, mimi nakiamini zaidi kwa sababu hakiumizi jiwe. Pima jiwe likiwa kavu. Kisha weka bakuli la maji juu ya mizani, irudishe sifuri, ning'iniza jiwe kwa uzi lizame lote bila kugusa kitako wala ubavu. Gramu zitakazosomeka ndizo sentimita za ujazo. Gawanya uzito kwa namba hiyo: kioo cha kawaida hutoa karibu 2.5, kwatzi 2.65, fluoraiti 3.18. Mapovu yakinata kwenye jiwe, ujazo huonekana mkubwa na jibu hushuka, kwa hiyo yapanguse. Likigusa kitako, kosa ni hilohilo.

MtafutaMawe: Kisu kimechimba mfereji, haufutiki. Kavu gramu 162, kwenye maji 51.

Mwamba7: Hiyo ni 3.18. Fluoraiti, na ugumu unakubaliana. Hakikisha kwa lenzi ya kukuza mara 10: palipovunjika utaona nyuso bapa zinazokatana, maana fluoraiti hupasuka kufuata pande nne. Kioo huvunjika kwa mikunjo kama ya kombe, na mara nyingi ndani kina mapovu ya duara. Nyundo weka mbali, litapasuka vipande.

Bi_Kokoto: Na tafadhali usilisafishe kwa maji ya betri wala asidi yoyote kali. Fluoraiti ikikutana na asidi ya salfuriki, iliyomo kwenye maji ya betri, hutoa hidrojeni floridi, sumu inayounguza mapafu na kupenya ngozi hadi mifupani. Maji, sabuni na mswaki laini vinatosha. Usilianike juani pia, baadhi ya fluoraiti hufifia rangi.