Mwenye hosteli anaruhusiwa kunasa pakiti za wapangaji wake?

Mleta mada, Iyunga

Wadau, naomba hoja, matusi tuyaache kando.

Kuna hosteli moja huku Iyunga, Mbeya, sitaji jina, ambayo kodi ya chumba inajumuisha waifai. Muhula uliopita mtandao ulikuwa unagoma kila jioni. Simu inaonyesha imeunganishwa, lakini hakuna kinachofunguka. Mwenye nyumba akaita fundi, fundi akawasha Wireshark kwenye laptopu yake, programu ya kunasa na kusoma pakiti, yaani vipande vya data vinavyopita mtandaoni, tatizo likapatikana siku hiyohiyo. Hadi hapo nampigia makofi. Kilichofuata ndicho kinachonileta hapa: kompyuta ndogo iliachwa pembeni ya ruta ikinasa kila kinachopita, usiku na mchana. Baada ya wiki chache msimamizi akaanza kuwasema vijana mbele za watu, nani anashinda kwenye kubeti, nani anaangalia yale mambo. Mwenye nyumba akiulizwa, jibu ni moja: nyumba ni yangu, intaneti nalipia mimi.

Msimamo wangu: kunasa pakiti ili kutibu tatizo ni halali yake. Kunasa kila kitu na kukiweka akiba siyo halali yake. Na ushahidi ni tatizo lenyewe lilivyotatuliwa.

Mpangaji mmoja alinunua ruta yake, akachomeka waya wa ukutani kwenye tundu la LAN (la kugawia vifaa vya ndani) badala ya WAN (la kupokea intaneti). Kila akirudi jioni na kuiwasha, nayo inaanza kugawa anwani kwa jengo zima. Kifaa kikijiunga na mtandao huuliza wote waliopo nani atakipa anwani, na mara nyingi hushika jibu linalowahi. Kikishika la ruta hiyo, kinaonekana kimeunganishwa ila hakifiki intaneti. Fundi alichuja kwa neno moja tu, `dhcp`, jina la utaratibu huo wa kugawa anwani. Ombi moja likawa linarudi na majibu mawili: la kwanza kutoka 192.168.88.1, ruta halali, la pili kutoka 192.168.0.1, ambayo hakuna aliyeifahamu. Tarakimu sita za mwanzo za anwani ya MAC, namba ya utambulisho wa kifaa, zikataja hadi kampuni iliyotengeneza ile ruta ya pili. Wakazunguka vyumbani, wakaikuta.

Sasa angalieni hapo. Majibu yote mawili yalikuja kwenye laptopu ya fundi mwenyewe, kwa ombi lake mwenyewe. Hakufungua pakiti hata moja ya mpangaji. Hiyo kompyuta iliyoachwa inatibu nini?

Mama mwenye nyumba, Uyole

Mwanangu, hayo ni rahisi kuyasema ukiwa mpangaji. Laini imesajiliwa kwa jina langu. Kijana akitapeli watu kwa waifai yangu, polisi watagonga kwa nani? Nikisema sina rekodi yoyote, nitaeleweka? Mimi sina hosteli unayoisema, ila huyo mwenzangu namwelewa.

Fundi, Mwanjelwa

Shikamoo mama. Hofu yako ni ya kweli, ila dawa yake siyo hiyo. Unachohitaji ni kumbukumbu ya ruta: kifaa gani kilipewa anwani gani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Ruta nyingi zinaandika hayo zenyewe, na faili lake ni dogo. Kunasa pakiti zote za wapangaji wanaotazama video usiku kucha kutakujazia diski kabla hata hujajua utafute nini.

Na wengi hawajui hili: kwenye swichi, kile kifaa kinachounganisha nyaya za mtandao, laptopu ukiichomeka tu inaona pakiti zake na zile zinazotangazwa kwa wote. Za jirani hazifiki. Ili uone za jengo zima lazima uingie kwenye mipangilio, uiambie swichi inakili kila kitu ikutumie kwenye tundu lako, au ukae kwenye ruta yenyewe. Kwa hiyo aliyenasa jengo zima hawezi kusema ilitokea tu. Alikaa chini akapanga.

Mchangiaji, Mafiati

Mnapoteza muda. Siku hizi kila kitu ni HTTPS, mawasiliano yamefungwa kwa siri, hawaoni chochote.

Fundi, Mwanjelwa

Mkuu, ungesema hivyo kuhusu nywila na meseji ningekubali. Mwaka 2010 mambo yalikuwa mabaya: Eric Butler alitoa Firesheep, kiongezo cha Firefox, na mtu asiyejua lolote aliweza kuingia kwenye Facebook ya jirani yake katika waifai ya wazi kwa kubofya tu. Ilichangia kuzisukuma kampuni kufunga mawasiliano yote. Lakini jina la tovuti bado linaonekana. Linaonekana kwenye maswali ya DNS, pale kifaa kinapouliza anwani ya tovuti, linaonekana tena mwanzoni mwa mawasiliano ya TLS, huo ufungaji wa HTTPS, isipokuwa pale mtu anapotumia njia za kulificha, na wengi hawatumii. Yule msimamizi hakusoma meseji za mtu. Alisoma majina. Fikiria binti anayefungua saa nane usiku tovuti ya ushauri wa VVU. Ukurasa wenyewe umefungwa kabisa, ila jina la tovuti na saa vinatosha kumchafua mbele ya jengo zima.

Mwanafunzi wa sheria, Iringa

Kamwene wadau. Hoja ya "nalipia mimi" haina miguu. Mwenye kosta ya Tunduma analipia mafuta, ila hafungui mabegi ya abiria.

Ibara ya 16 ya Katiba inalinda mawasiliano binafsi ya kila mtu, na mpangaji yumo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 6, inakataza kunasa kwa makusudi na bila uhalali mawasiliano yasiyo ya umma. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu awaambie kwanza anazikusanya kwa ajili gani. Mtu atabishana mahakamani kuhusu maana ya "bila uhalali", sawa. Ila kwa hao vijana wa Iyunga, nani aliambiwa chochote kabla ya kusemwa hadharani?

Mwalimu wa kompyuta, Tukuyu

Nakubaliana na wengi, ila naogopa mwisho wa mjadala huu. Kesho atatokea mtu aseme Wireshark ni programu ya wadukuzi, ipigwe marufuku vyuoni. Kifungu cha 10 cha sheria hiyohiyo kinagusa programu zilizotengenezwa kwa ajili ya kutenda kosa, na asiye mtaalamu anaweza kuitupa hii humo. Gerald Combs aliitoa kwa mara ya kwanza kwa jina la Ethereal mwaka 1998; aliiandika kwa sababu alihitaji kifaa cha kutafuta matatizo ya mtandao, na za kununua zilikuwa ghali. Jina la sasa ni la 2006. Ni ya bure, na kijana wa Rungwe anajifunza kwa programu ileile anayotumia mhandisi wa kampuni kubwa. Wanafunzi wangu wananasa za kwao, kwenye mtandao wetu wa darasani tu.

Mama mwenye nyumba, Uyole

Basi fundi aniambie, nikimwita siku mtandao umegoma, nimruhusu nini na nimkataze nini? Maana akishafungua hiyo laptopu mimi sioni tofauti.

Fundi, Mwanjelwa

Mwambie achuje kabla ya kunasa, siyo baada. Kwa tatizo kama lile la Iyunga, `port 67 or port 68` inatosha, yaani inase DHCP peke yake. Kama mtandao ni mzito tu, tcpdump, programu nyingine ya kunasa, ina `-s 96`, inakata kila pakiti ibaki na baiti 96 za mwanzo.

Mwalimu wa kompyuta, Tukuyu

Fundi, hapo ongeza kitu. Baiti 96 zinaacha nje maudhui mengi, ila swali la DNS ni fupi, jina la tovuti kwa kawaida linabaki humo ndani. Aweke pia `not port 53`, DNS isinaswe.

Fundi, Mwanjelwa

Kweli kabisa, ndaga.

Mleta mada, Iyunga

Mikataba ya vyumba inaandikwa upya muhula ujao. Naandaa kipengele tumpelekee mwenye nyumba: kunasa ni pale tu mtandao unapogoma, wapangaji wanatangaziwa siku hiyo, fundi anachuja kama ilivyoelezwa hapo juu, faili linafutwa kazi ikiisha, na msimamizi hapewi nakala. Kumbukumbu ya anwani za ruta ibaki, kwa ajili ya hofu ya mama. Mwanasheria, ikae siku ngapi? Mimi nimeandika 30, wenzangu wanasema ni nyingi.