Ibada ya shukrani ya kanisa la zamani upande wa Mvumi, kwenye historia tuweke nini?

Mjukuu_wa_Katekista
Wakuu Bwana asifiwe, na wasio watu wa kanisa mbukwenyi tu. Niko kwenye kamati ya ibada ya shukrani kanisani kwetu, Anglikana, kijijini huku upande wa Mvumi, Dodoma. 2027 dayosisi yetu ya Central Tanganyika inatimiza miaka 100 kwahiyo na sisi tukasema tumshukuru Mungu kwa la kwetu maana ni la zamani kweli, bibi yangu kabatizwa pale na mama yake kabatizwa palepale.

Sasa vikao vyote vinaishia kwenye kitenge. Rangi gani, bei gani, nani anajua fundi, mgeni rasmi akae wapi. Historia imepewa dakika kumi na najua itakavyokuwa, "wamisionari walikuja wakatuletea injili, makofi kwao", halafu risala, halafu pilau. Babu yangu alikuwa katekista, anatembea kijiji hadi kijiji na daftari na Biblia, kazika watu, kafundisha watu kusoma, lakini pale ofisini ukutani kuna picha za maaskofu tu. Sisemi zitolewe. Nauliza kama kuna mtu kanisani kwao walifanya shukrani ikawataja na watu wa aina hiyo, walipata wapi majina?

Chikuyu_Boy
Majina yapo mkuu, nendeni kwenye vitabu vya ubatizo na vya ndoa hapo ofisini kwa mchungaji. Kuna jina la mtoto, wazazi, kijiji, wasimamizi na aliyebatiza, sasa ukifuata majina ya wasimamizi mwaka hadi mwaka utaona watu walewale wanajirudia, hao ndio waliokuwa wanabeba kanisa. Ila pigeni picha kwa simu LEO msisubiri kikao, mchwa wa huku wanavyopenda karatasi mnawajua. Na wazee wenu warekodini sauti wakiwa bado wapo. Msiende na maswali ya kamati, nendeni na sukari mkae.

mwl_mstaafu_DOM
Kijana umeuliza jambo zuri, nitaandika kirefu mnisamehe.

Watu wa CMS, yaani wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, walifika Mpwapwa 1876 wakiwa njiani kwenda Uganda, Mpwapwa ilikuwa kituo cha misafara, maji yapo, chakula kipo, ndo maana wakaweka misheni pale. Mvumi ikafuata 1900. Sasa hapo katikati haikuwa mteremko, 1889 wakati wa vita ya Abushiri na Wajerumani misheni ya Mpwapwa ilibomolewa. Ikaja vita ya kwanza ya dunia, wamisionari walikuwa Waingereza na nchi ni ya Mjerumani, wakakamatwa, na walimu wetu Waafrika nao wakakamatwa wakapelekwa kifungoni Tabora wakidhaniwa wanasaidia adui, mpaka Wabelgiji walipoiteka Tabora 1916. Hapo mtu ajiulize, mzungu kafungwa, mwalimu kafungwa, jumapili ibada nani anaongoza? Vita inaisha tu ikaja Mtunya, ile njaa ambayo bibi zetu walikuwa wakiitaja wananyamaza kwanza, majeshi yalishabeba ng'ombe na nafaka na wanaume wameenda upagazi halafu mvua ikakataa. Vijiji vilihama. Na bado askofu Chambers alipokuja 1927 kuanza dayosisi alikuta makanisa yana watu.

Kwa hiyo kwenye risala yenu kile kipande cha kati msikiruke. Wengi wanatoka 1900 wanarukia 1927 kama vile watu walikuwa wamelala.

Na wapo waliokumbukwa, msiseme hakuna. Andrea Mwaka alikuwa mmoja wa Wagogo wa kwanza kuwekewa mikono ya uchungaji, pale mjini watoto wanasoma shule ya Canon Andrea Mwaka na wengi hawajui ni nani. Askofu Yohana Omari aliwekwa wakfu 1955, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Anglikana Tanganyika, akiwa msaidizi hukuhuku kwetu, na askofu Madinda akaja kushika dayosisi yote 1971.

Mama_Neema_wa_Makulu
Mwalimu shikamoo, umeongea. Mimi nasema tu tusiende upande wa pili tukawafuta wazungu, hospitali ya Mvumi mimi nimejifungulia pale na mama yangu alijifungulia pale, mtu aliacha kwao Australia akaja kukaa kwenye vumbi letu na mbu, naye ashukuriwe. Ila na ukweli usemwe, ngoma zetu walikuwa wanaziona za kipagani, bibi alikuwa anatuambia ukionekana kwenye ngoma unatengwa meza ya Bwana. Leo kina mama wanapiga muheme, ngoma yetu ya Kigogo, mbele ya madhabahu na askofu anacheza 😂 Wekeni kwaya ya wazee na zeze na ilimba, kinanda siku hiyo kipumzike, nyimbo za Kigogo zile ndizo historia yenyewe maana waliokuwa hawajui kusoma walishika neno kwa kuimba.

kasuku255
Yote sawa ila michango je? Kwetu tuliambiwa elfu hamsini kila kaya, mwaka wenyewe mtama haukutoka. Wajane wakaona aibu siku ya ibada hawakuja kabisa. Shukrani gani hiyo

Chikuyu_Boy
@kasuku255 hapo umegusa pabaya. Sisi kila mtu alileta alichonacho, kuku, mayai, debe la karanga, vikapigwa mnada baada ya ibada, watoto wa kijiji walioko Dar na Dodoma mjini ndo wakakamuliwa vizuri. Jogoo mmoja aliuzwa mara tano kila anayenunua anamrudisha 😂 mwisho akaliwa na mchungaji.

Mjukuu_wa_Katekista
Asanteni sana, mwalimu marahaba haitoshi nitakutafuta inboksi. Nimeongea na katibu, vitabu tunavifungua jumamosi na vijana wa TAYO, umoja wa vijana wa Anglikana, watapiga picha kila ukurasa. Kitenge wameshalipia advansi hiyo siwezi kuizuia. Ila nimeomba majina ya makatekista na wasimamizi yasomwe kwenye maombi, mmoja mmoja, kabla ya mahubiri, mzee mmoja wa kamati kauliza itachukua muda gani nikamwambia achukue kwenye ule muda wa kumtambulisha mgeni rasmi. Hajanijibu mpaka sasa.