Bastola yenye leseni uwanjani: iingie au ibaki nje?

Kocha wa Bweyogerere
Ndugu zangu, tulizungumze hili kabla 2027 haijatufikia. Juzi nilikuwa kwenye foleni ya kuingia mechi ya ligi, uwanja sitautaja. Sisi wengine tulichekiwa hadi soksi, na kijana aliyekuwa mbele yangu akanyang'anywa chupa ya maji. Akaja bwana mmoja, akainua shati kidogo, bastola ikaonekana kiunoni, akatoa leseni yake, akapita. Dakika tisini nzima nilikuwa namtazama yeye, mpira sikuuona. Na alikuwa anakunywa bia.

Swali langu ni hili: raia mwenye leseni halali aruhusiwe kukaa jukwaani na bastola chini ya shati, au iandikwe wazi kwamba uwanjani ni marufuku, uwe nani uwe nani? Mimi nasema marufuku. Sisi Uganda tunakwenda kupokea AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, pamoja na Kenya na Tanzania, na kanuni za FIFA za usalama wa viwanja zinawakataza watazamaji kuingia na silaha. Mgeni akija tutalindana. Lakini ligi yetu ya kila wiki nani anailinda?

Mfanyabiashara wa Kikuubo
Kocha, unatuogopa sisi? Leseni nilianzia kwa mwenyekiti wa LC1, serikali ya kijiji, nikaenda polisi, nikaenda kamati ya usalama ya wilaya, wakanichunguza mpaka ukoo. Muogope asiye na karatasi. Nafunga duka jioni na mauzo ya siku nzima mfukoni, natoka pale naenda mpira. Wezi wanaopora kwa pikipiki wananijua mimi kuliko wanavyomjua RDC, mwakilishi wa Rais wilayani. Sasa niiache wapi? Kwenye gari, wavunje kioo? Au nimkabidhi yule askari wa kampuni pale langoni, mwenye njaa ya tangu asubuhi? Ataiuza kabla ya mapumziko.

Shabiki wa Arua
Mimi nipo na Kikuubo. Mmesahau uwanja wa Kyadondo, hapa Kampala? Watu wamekaa wanaangalia fainali ya Kombe la Dunia 2010, Hispania na Ujerumani, wakachinjwa kama kuku. Hakuna aliyekuwa na kitu cha kujitetea.

Mama Sumaya, Kisenyi
Ilikuwa Hispania na Uholanzi, mwanangu, tarehe 11 Julai. Nakumbuka kwa sababu jirani yangu hakurudi. Na lilikuwa bomu. Mabomu Kyadondo, bomu jingine Kabalagala kwenye mgahawa wa Wahabeshi, watu zaidi ya 70 wakafa. Bastola ingempiga nani? Kilichotufaa baada ya pale ni kuchekiwa mlangoni, hoteli, kanisa, msikiti, kila mahali. Sasa mnataka huo mlango tuutoboe kwa ajili ya wenye leseni.

Na wewe Mzee wa Kikuubo, kuhusu kuogopa asiye na karatasi: 2016 pale Lugogo kijana alipigwa risasi kwa sababu magari yalikwaruzana kwenye maegesho. Aliyefungwa kwa kifo kile hakuwa jambazi wa kuvizia gizani. Mfanyabiashara, kama wewe. Kesi ikaisha kwa kukiri kuua bila kukusudia, miaka mitano na kitu. Hapo hapakuwa na penalti iliyokataliwa, hapakuwa na watu elfu kumi wanamtukana refa. Gari tu.

Mfanyabiashara wa Kikuubo
Mama, na heshima zote, usinifananishe na mtu aliyefungwa. Umenitoa kwenye mjadala ukaniweka kizimbani.

Mama Sumaya, Kisenyi
Sikukuweka kizimbani. Nimesema hasira haisomi leseni.

Wakili Mtaani
Naomba niingie kwa upande wa sheria. Leseni ya bastola hapa Uganda ni ruhusa, haijawahi kuwa haki. Sheria ya Silaha ni ya 1970, enzi za Obote, hata Amin hajapindua. Anayekupa cheti anaweza kukifuta. Katiba ya 1995 haina mstari unaompa raia bunduki.

Marekani wao wanao huo mstari, umo kwenye marekebisho ya pili ya katiba yao, na angalieni walivyofanya. Juni 2022 Mahakama ya Juu iliwapa raia haki ya kubeba bastola nje ya nyumba. Wiki mbili hazikuisha, jimbo la New York likatunga sheria ya maeneo nyeti ambayo hata mwenye kibali haingii na silaha, viwanja vya michezo vimo. Arkansas, jimbo la wawindaji kabisa, 2017 walipitisha sheria ya kubeba bastola vyuoni, na mechi za vyuo zikawa ndani yake. Viongozi wa ligi ya vyuo vya kusini-mashariki wakapiga kelele. Haukupita muda gavana akasaini sheria nyingine ya kuondoa viwanja. Na NFL, ligi yao kubwa ya mpira wa mikono na miguu ule wa kugongana, tangu 2013 inamzuia hata polisi asiye zamu kuingia kama mtazamaji akiwa na bastola. Polisi! Walioona bunduki nyingi kuliko wote duniani ndio waliosema uwanjani hapana.

Mzee Mstaafu, Bombo
Wakili, Marekani waache na mambo yao. Mimi nimevaa magwanda miaka mingi. Mtu aliyefundishwa silaha hapigi hovyo. Tatizo ni raia wanaopewa bila mafunzo ya maana. Wastaafu wa jeshi waruhusiwe, raia wa kawaida wazuiwe, mjadala umeisha. Na Mama Sumaya, bila kukukosea heshima, bunduki wewe unaijua kwa kusikia.

Mama Sumaya, Kisenyi
Nimezaliwa kambini Mbuya, afande. Baba yangu alikuwa sajini. Silaha ilikuwa inatoka ghalani kwa saini na inarudi ghalani kwa saini. Siku moja hajarudisha kwa wakati, tulimtafuta mahabusu. Nyumbani kwetu bunduki haikulala hata usiku mmoja, na yeye ndiye aliyefundishwa. Kama sajini alinyang'anywa yake kila jioni, mtazamaji wa mpira anataka heshima gani zaidi ya hiyo?

Askari wa Zamu ya Usiku
Nimesoma yote tangu jana. Nimekwama kwa Mzee wa Kikuubo: "mwenye njaa ya tangu asubuhi, ataiuza kabla ya mapumziko." Mimi ndiye huyo askari. Nalinda usiku dukani, siku za mechi kampuni inatupeleka viwanjani. Nimerudisha simu, nimerudisha pochi, nimerudisha mtoto aliyepotea akilia jina la baba yake tu. Sijauza cha mtu.

Na kama unaona njaa usoni kwangu, uliza imetoka wapi. Kima cha chini cha mshahara nchi hii ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kimewekwa 1984. Mwezi mzima. Leo sukari kilo mbili hazifiki. Bunge lilipitisha muswada mpya 2019, Rais hakuusaini. Wewe unauza jumla pale Kikuubo, na nje ya stoo yako yupo askari kama mimi. Unamlipa nini huyo?

Mfanyabiashara wa Kikuubo
Mimi nailipa kampuni. Kampuni inamlipa yeye. Ninacholipa si kidogo, kiulize kinakwama wapi.

Askari wa Zamu ya Usiku
Kinakwama njiani, na wewe unajua, na unaendelea kuilipa kampuni hiyohiyo.

Shabiki wa Arua
Hapo sasa tunaongea! Kaka yangu alifanya kazi hiyo kwenye benki Ntinda. Sare alikatwa mshahara. Viatu alikatwa mshahara. Bunduki waliyompa ilikuwa kuukuu, akawa anaomba Mungu mwizi asije. Halafu benki inakuja kutuambia usalama.

Mzee Mstaafu, Bombo
Njaa si sababu ya kukosa nidhamu. Sisi tumelala msituni bila posho.

Wakili Mtaani
Mzee, njaa si sababu, lakini historia tunayo. Tarehe 2 Mei 2023 waziri Charles Engola aliuawa nyumbani kwake Kyanja na mlinzi wake mwenyewe, mwanajeshi aliyefundishwa. Siku kumi baadaye polisi asiye zamu akachukua bunduki ya mwenzake, akamuua mkopeshaji fedha ofisini, katikati ya Kampala. Wote wawili walipita mafunzo. Kwa hiyo hoja ya "aliyefundishwa hapigi hovyo" naomba uiweke kando.

Mzee Mstaafu, Bombo
Kijana, usihesabu wawili ukasahau maelfu wanaolinda mipaka wakati wewe umelala. Watu wa sheria mnapenda sana kuliokota jeshi likiteleza. Uliwahi kuzika mwenzako wewe?

Wakili Mtaani
Nimemzika mwalimu wangu wa kazi, mzee wangu. Tuliofanya kazi mahakamani tunajua pia Joan Kagezi alivyouawa Kiwatule, Machi 2015, amesimamisha gari anunue matunda, watoto wamo ndani. Ndiye aliyekuwa akiongoza mashtaka ya mabomu ya Kyadondo. Msituambie sisi hatuijui risasi.

Mfanyabiashara wa Kikuubo
Umenisaidia, Wakili. Mwendesha mashtaka wa serikali anauawa jioni barabarani na serikali haikuweza kumlinda, halafu mimi muuza sabuni uniambie nijivue nilicho nacho niwaamini polisi? Hamnijibu hapo. Mnarukia mshahara wa askari.

Kocha wa Bweyogerere
Nakujibu mimi. Hatari yako iko njiani, si jukwaani. Hakuna mwizi wa Kikuubo atakayekuvamia katikati ya watu elfu ishirini. Lakini bao likifutwa dakika ya tisini, watu wakasukumana kwenye ngazi, bastola ikadondoka au wewe ukaogopa ukafyatua, risasi moja tu, wote wanakimbilia lango moja, na malango mengine mnajua yanafungwa. Watakaokufa hawatakufa kwa risasi, watakanyagwa. Ndiyo maana niliuliza kuhusu uwanja peke yake, sikuuliza kuhusu barabara ya kurudi kwako.

Mama Sumaya, Kisenyi
Asante, Kocha. Na wenzetu wa Kansas City, Marekani, waliliona hilo Februari 2024, wanasherehekea kombe, si mchezo wenyewe. Wakili, nikumbushe.

Wakili Mtaani
Tarehe 14 Februari. Sherehe ya ubingwa wa Chiefs, timu yao ya NFL, polisi zaidi ya 800 wako palepale. Ugomvi ulianza kwa watu kutazamana vibaya, bastola zikatoka, mwanamke mmoja akafa, zaidi ya 20 wakajeruhiwa, watoto wengi. Jimbo hilo la Missouri huhitaji hata kibali kubeba bastola iliyofichwa, tangu 2017. Polisi 800 hawakuwa na namna ya kujua nani kaficha nini.

Shabiki wa Arua
Sawa, tuseme raia wameacha. Mheshimiwa je? Mbunge anaingia na walinzi watatu, kila mmoja na bastola ubavuni na AK begani, wanasimama mbele ya familia yangu. Nani atamcheki huyo? Mkimzuia Kikuubo peke yake mtakuwa mmewazuia wanaolipa kodi.

Mfanyabiashara wa Kikuubo
Umesema kweli hapo. Anzeni na hao, mimi nitafuata siku hiyohiyo.

Kocha wa Bweyogerere
Nami nataka hivyo. Walinzi wa mheshimiwa wabaki nje ya majukwaa, ulinzi wa ndani uwe wa polisi wa mechi wenye sare na namba. Raia mwenye leseni apewe sehemu ya kuacha bastola: chumba kimoja langoni, sanduku la chuma, polisi wa kituo, kitabu cha saini, risasi zimetolewa mbele yake, risiti mkononi. Asikabidhiwe askari wa kampuni.

Askari wa Zamu ya Usiku
Kwa hiyo na wewe Kocha umeamua mimi nitaiuza.

Kocha wa Bweyogerere
Hapana ndugu yangu. Nimesema polisi kwa sababu ya sheria, ili ikipotea ajibu mwenye mamlaka, wewe usifungwe kwa bastola ya mtu.

Askari wa Zamu ya Usiku
Basi sikiliza ya langoni, maana nyote mnaongea kutoka jukwaani. Yule bwana aliyeinua shati, mimi ningemwambia nini? Sina karatasi inayosema hapana. Msimamizi wangu anasema "tumia busara." Nikimzuia, anapiga simu kwa mkubwa, mkubwa anapiga kampuni, Jumatatu sina kazi. Nikimpisha na kukatokea kitu, ni mimi niliyempisha. Niandikieni amri. Ibandikwe ukutani kwa maandishi makubwa, Kiswahili, Kiingereza, Luganda, na jina la aliyeisaini, iseme bastola haiingii, ya raia, ya mstaafu, ya mlinzi wa mheshimiwa. Nikiwa na kitu cha kuonyesha kwa kidole, nitamzuia hata waziri.

Mzee Mstaafu, Bombo
Waziri humzuii kwa karatasi.

Askari wa Zamu ya Usiku
Nipe karatasi kwanza, afande, halafu uje uniangalie.

Mfanyabiashara wa Kikuubo
Nikiona mlinzi wa mbunge amesaini kwenye hicho kitabu, mimi nitakuwa wa pili kwenye mstari. Na wewe askari, kampuni yako ni ipi? Niandikie pembeni. Nataka kujua wanawakata kiasi gani, maana yangu inaweza kuwa ni hiyohiyo.