Kampuni imenipunguza kazi, sasa inataka na hisa zangu kwa bei ya kutupa

Wakuu, leo niacheni nilalamike, na wanasheria wa humu mnisaidie.

Nilikuwa na hisa kwenye kampuni niliyoitumikia hapa Dar, kampuni binafsi, wanahisa tunahesabika. Wakapunguza wafanyakazi, nami nikiwemo. Sawa, stahiki walilipa. Kilichonichefua ni bahasha iliyofuata: fomu ya kuhamisha hisa, jina langu limeshaandikwa, bei imeshajazwa, shilingi 1,000 kwa hisa, bei ileile ya siku kampuni inasajiliwa. Pa kusaini wamebandika kikaratasi cha njano. Yaani kazi yangu kumwaga wino tu!

Nikafungua katiba ya kampuni. Ibara inasema mwanahisa mfanyakazi "akiacha kazi kwa hiari au akifukuzwa kwa utovu wa nidhamu" atahesabika ametoa notisi ya kuwauzia wenzake hisa zote, kwa bei ya haki itakayokadiriwa na mkaguzi wa hesabu. Basi. Mimi sikuacha wala sikufukuzwa, na barua ya kupunguzwa wameiandika wao wenyewe. Kupunguzwa kumo wapi humo? Na huyo mkaguzi kakadiria lini?

Mkurugenzi ananijibu: "Ndugu yangu, lengo linajulikana, asiye mfanyakazi asibaki na hisa. Tulielewana tangu mwanzo." Tulielewana na nani? Hiyo ni hati iliyosajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni, siyo maongezi ya mezani. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilishasema mwaka 1992, kesi ya Bratton Seymour dhidi ya Oxborough, kwamba huwezi kuichomekea katiba ya kampuni masharti kwa kutegemea mambo ya nje ambayo msomaji wa hati hawezi kuyajua. Haiwafungi majaji wetu, lakini kesi za huko huwa wanazisikiliza.

Na msinielewe vibaya. Kulazimishwa kuuza hisa ni halali kama kumeandikwa. Tangu 1901, kesi nyingine ya Uingereza, Borland's Trustee dhidi ya Steel Brothers, ilikubalika hata bei isiyozidi thamani ya awali ya hisa, kwa sababu katiba ilisema hivyo. Hawa wangeandika hivyo ningesaini nikaenda zangu. Wanataka ibara mpya? Waitishe mkutano, wapitishe azimio maalumu kwa robo tatu ya kura. Hawaitishi, maana hesabu ya kura wanaijua.

Halafu ni haohao, nilipodai bonasi tuliyoahidiwa kwa mdomo, walioniambia "hapa tunafuata maandishi". Shenzi kabisa.

Sasa wanatishia mkurugenzi atasaini kwa niaba yangu. Kweli katiba inamruhusu, ila kwa mwanahisa "anayewajibika kuhamisha" akigoma. Kama nawajibika ndio ugomvi wenyewe!

Aliyepitia hili anijuze: nikaombe zuio Mahakama Kuu kabla fomu haijafika BRELA, au nianze na barua ya wakili kwa wakurugenzi wote?