Nani alisema Python inasomeka vile mutu anasema? Siku tatu zangu zimepotea bure

Bandugu niko na kasirani, muniache niseme. Dada yangu anauzisha bitenge hapa Goma, nikamuandikia kaprogramu mu Python (lugha ya kuandikia programu) ka kuhesabu bei ya kutuma muzigo: Bukavu na Idjwi inapita mu bato, bei moja, Sake na Rutshuru inapita mu barabara, bei ingine. Nikaandika vile naongeaka (if ni kama, or ni ao):

if mji == "Bukavu" or "Idjwi":
    bei = 5000

Siku tatu kila muzigo inatoka 5000. Sake 5000, Rutshuru 5000, hata ukiandika mji yenye haiko, 5000. Hakuna erere (ujumbe ya kosa) hata moja! Dada akawa analipa mutu wa pikipiki ile inabakia kutoka mu mfuko yake, na mimi namuambia programu iko sawa, ni wewe njo unaandika mbaya. Hiyo njo inaniuma sana.

Kumbe == (ile ya kulinganisha) inafanya kazi yake mbele ya or. Python inauliza kama mji ni Bukavu, ikikuta hapana inaenda ku "Idjwi" yenye iko peke yake pale, inaona haiko tupu, basi kwake ni kweli. String (maandishi ndani ya alama za kunukuu) yenye iko na hata herufi moja ni kweli, hata "0", hata uandike "False" ndani ya alama za kunukuu ni kweli, ni "" tu njo uongo. Na ile video yenye nilijifunzia inarudilia "or ni ao, andika vile unasema". Sisi tunasema "Bukavu ao Idjwi" tangu utoto na kila mutu anasikia!

Na musiniambie lugha haiwezi kuonya. Tangu Python 3.8 ya 2019, ukiandika if mji is "Bukavu" pa nafasi ya == inakutupia SyntaxWarning (onyo) hapo hapo. Kwa or kama hii, kimya.

Nikauliza mu grupe moja, bananijibu "tumia in" (ndani ya) basi, bila kueleza kitu. Nikajaribu na mji moja, if mji in ("Idjwi"), ikakubali hata mwenye aliacha mji wazi, ju bila koma ile ni string tu haiko orodha, na string tupu iko ndani ya kila string. Yenye inatumika ni hii:

if mji in ("Bukavu", "Idjwi"):

Leo asubui Rutshuru imetoka na bei yake. Wenye munafundisha batu if, mbona hii hamuionyeshe siku ya kwanza?